Mtu wa Kulala kwa Mwalimu

Tangu mumewe afariki, rafiki yangu hakuwahi kuachwa alale peke yake hata usiku mmoja. Ndivyo tufanyavyo sisi. Mjane akikaa eda, nyumba hujaa shangazi na mabinamu, magodoro hutandikwa mpaka sebuleni, na eda ikisha watu hawaondoki kwa mkupuo. Hupungua kidogo kidogo, kama wageni wa harusi wanaotafuta viatu vyao mlangoni. Mwishoni hubaki yule ambaye familia imemteua: mtu wa kulala kwake. Kwa rafiki yangu walikuwa wapwa zake, wasichana wa chuo, kwa zamu. Walifika nyumbani kwake Darsait, hapa Maskati, jioni na chaja zao mikononi, wakala, wakajifungia na simu zao, na asubuhi wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza kama anawataka. Ingekuwa kama kumuuliza mgonjwa kama anaipenda dawa.

Tumezoea kumwita Mwalimu, kwa kuwa alisomesha kemia mpaka akastaafu. Wa pili katika kikundi chetu ni Daktari. Ni daktari wa meno, na huwezi kukaa naye dakika kumi bila kukionea aibu kinywa chako. Wa tatu ni mimi, ninayeandika makala magazetini, kazi ambayo Daktari huwaeleza wagonjwa wake hivi: "Anakaa nyumbani kwake Al Khuwair, analalamika, na watu wanamsifu." Tulijuana chuoni, na tangu wakati huo tulikuwa tukisema kwamba siku moja tutasafiri sisi watatu tu, bila waume, bila watoto, bila mtu wa kumtafutia soksi zake.

Safari hiyo, ya Uhispania, ikaja wakati mbaya, au labda ndio wakati wake hasa. Mtoto mkubwa wa Mwalimu alikuwa amejenga mtaa wa Mawaleh, na upande mzima wa chini amemtengea mama yake. Alitaka mama ahamie huko na nyumba ya Darsait ipangishwe. Si kijana wa kulaumiwa. Baba yake alianguka bafuni, na akapata muda wa kuagana na wanawe kwa sababu tu mama alikuwa upande wa pili wa mlango, akasikia kishindo. Kijana akajifunza somo moja, akalishika: lazima awepo mtu upande wa pili wa mlango.

Mwalimu hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Nitakujibu nikirudi kutoka Uhispania."

Kwenye kiwanja cha ndege, Mwalimu na Daktari wakipima mizigo, kijana, ambaye huniita khalti, yaani mama mdogo, alinivuta pembeni.

"Khalti, nakuomba jambo moja tu. Mama asilale peke yake huko."

Mimi, ambaye nimeandika mara nyingi juu ya haki ya mwanamke kuamua mambo yake mwenyewe, niliweka mkono kifuani na kusema, "Ondoa wasiwasi, mwanangu. Nitalala naye chumba kimoja."

Tulianzia kisiwa cha Mallorca, mjini Palma, katika fleti yenye madirisha ya mbao ya kijani na vyumba vitatu vya kulala. Vyumba vitatu kwa watu watatu. Mwalimu aliingia cha mwisho, akaweka sanduku lake, akageuka na kunikuta mlangoni nimekumbatia mto.

"Unakwenda wapi na mto huo?"

"Chumba changu kina kelele za barabarani."

Hakukuwa na barabara upande ule, ulikuwa ua wenye paka. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliodai kitabu kimeliwa na mbuzi, kisha akasogea kunipa nafasi kitandani.

Siku zile za kwanza tulimwandama kama polisi. Akienda kununua maji, Daktari ana kiu. Akisimama kutazama bahari, mimi nipo ubavuni namhadithia Waarabu walivyokitawala kisiwa hiki, mifereji waliyoichimba, majina waliyoyaacha. Nilikuwa nimejisomea mambo hayo Maskati na niliona ni haramu yapotee bure. Daktari alinikatiza: "Khalas, bibi. Walikuja, wakaondoka. Sisi hatujala." Alikuwa amebeba vileja, visheti na majani ya chai kwa wingi wa kulisha maziko, na kila Mwalimu alipokaa kimya, alipewa kileja. Tuliuona ukimya wake kuwa ni huzuni, na huzuni kwetu sisi hutibiwa kwa unga na samli.

Siku moja tulipanda garimoshi la zamani, mabehewa yake ya mbao, linalopita mlimani kwenda Sóller, mji mdogo ulio katikati ya michungwa. Tulikaa mkahawani uwanjani pale, tukaagiza mikate yao laini iliyoviringwa kama konokono na kunyunyiziwa sukari ya unga. Daktari alikula wa kwanza, akala wa pili, ndipo akapata hamu ya kumuuliza mhudumu siri ya ulaini ule. Mhudumu alijibu kwa fahari: mafuta ya nguruwe.

Daktari aliweka uma chini taratibu.

"Mimi nimemega kipande tu," alisema Mwalimu. "Na sikujua."

"Na mimi sikujua!"

"Wewe hukujua mara mbili."

Akacheka. Mwalimu akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, mara ya kwanza tangu msiba, na mimi nikaanza kujipongeza kimoyomoyo kwa safari nzuri niliyoipanga. Alipomaliza kucheka akasema, bila kubadilisha sauti, "Kesho nyie nendeni Menorca. Mie nnabaki."

Menorca ni kisiwa cha jirani. Tulikuwa tumekata tiketi za boti na tumeagiza hoteli ya kulala huko usiku mmoja.

"Unaumwa?" aliuliza Daktari.

"Siumwi. Nnataka kulala peke yangu."

Meza ya pili mtoto alikuwa akilia kwa sababu ya aiskrimu, na nakumbuka nilimwonea wivu.

"Nisikilizeni," alisema Mwalimu. "Kwa baba yangu nililala kitanda kimoja na dada zangu. Nikaolewa, nikalala na mume wangu. Akafa, wakaja mashangazi. Wakaondoka, wakaja wapwa. Sasa yupo huyu na mto wake." Alinionyesha kwa kidevu. "Mwanangu ananiuliza kama naweza kuishi Darsait peke yangu. Nitamjibu nini? Sijui. Wallahi sijui. Labda ni mwoga. Nikiwa mwoga nitahamia Mawaleh, nimshukuru Mungu, nikae. Lakini nataka nijue."

"Nilimuahidi mwanao," nilisema.

"Ulimuahidi kitu ambacho si chako."

Daktari akanigeukia. "Si wewe uliyeandika ile makala? Ile ndefu?"

Kwa kweli makala ile ilikuwa ndefu mno.

Basi tukaenda. Menorca, kwa yeyote atakayeniuliza, ni kisiwa kizuri. Mji wa Ciutadella una bandari nyembamba iliyochimbika kati ya kuta za mawe, na nyumba za rangi ya asali, na maduka ya viatu vya ngozi vilivyo wazi nyuma. Nilinunua viatu hivyo, vikanibana, na sikuona kingine. Kila kona niliangalia simu. Nilimpigia Mwalimu, hakupokea. Nikamtumia picha ya bandari, hakujibu. Nikamtumia ya viatu. Daktari akaninyang'anya simu, akaitia kwenye mkoba wake.

Mkoba ukalia. Alikuwa mtoto wa Mwalimu.

"Khalti, mama hapokei. Hajambo? Nipe niseme naye."

Ningeweza kusema yuko bafuni. Ilinijia kabisa ulimini. Lakini bafuni, kwa kijana huyu, ni neno la kutisha kuliko maneno yote.

"Mimi niko Menorca, mwanangu. Mama yako yuko Palma."

"Na nani?"

"Peke yake."

Nikasikia anafunga mlango, kelele za nyuma zikakatika.

"Khalti, nilikuomba," alisema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. "Kitu kimoja tu nilikuomba."

"Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka."

"Baba naye alitaka kufunga mlango wa bafuni kwa ndani." Kisha akakata.

Daktari, aliyekuwa akisikia kila kitu, alinishika mkono tukaketi kwenye ngazi za bandarini. Hakunipa kileja. Jioni ile Mwalimu alituma ujumbe kwetu na kwa mwanawe pia, maneno mawili: "Nipo salama." Usiku wenyewe sina la kuusimulia. Nililala kitandani Menorca nikaamka nimechoka.

Tuliporudi Palma nilikuwa nimeshatunga kichwani mwangu mambo mawili: ama tutamkuta amelia, ama tutamkuta amegeuka mtu mpya, ameketi dirishani na kitabu. Tulimkuta jikoni, macho mekundu, anakaanga mayai.

"Jee?" aliuliza Daktari.

"Nimeogopa."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa matokeo ya maabara. Mabomba ya jengo yalikuwa yakigonga, paka wa uani walipigana, mtu alipanda ngazi akashuka tena bila sababu. Alisukuma kiti akakiegemeza mlangoni. Akasoma Ayatul Kursi mpaka sauti ikamkauka, na alfajiri ndipo akapata usingizi kidogo.

Naona haya kusema, lakini nilifarijika. "Basi," nilisema, "umeshajua sasa."

"Nimejua nini? Jaribio la mara moja si jaribio." Aligeuza yai. "Barcelona nnataka chumba changu."

Barcelona tulifikia hoteli, kila mtu na chumba chake. Mchana tulitembea pamoja katika vichochoro vya mji wa kale, ambako nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya watu na pikipiki hupita pale ambapo ungeapa hapapiti hata punda. Nilijitahidi kuwa mtalii. Tulikwenda sokoni, Daktari akabishana bei ya zafarani kwa Kiswahili, Kiarabu na vidole, akashindwa kwa lugha zote tatu. Lakini asubuhi Mwalimu alishuka peke yake kutafuta mkate, na akirudi alitupa taarifa: usiku wa kwanza aliamka mara nyingi, uliofuata aliwasha taa, akaizima, akaiwasha. Hakujisifu wala hakujionea huruma. Mwanawe alimpigia kila siku na mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Mimi hakunipigia.

Siku ya mwisho Mwalimu hakushuka. Tulingoja kwenye meza ya chai. Mkate ulipoa. Nikapanda juu, nikagonga. Kimya. Nikagonga tena kwa ngumi. Nilisimama mbele ya mlango ule wa hoteli, juu ya zulia lao la buluu, nikaijua khofu ya yule kijana kama ilivyo, bila makala. Nilikuwa tayari kuuvunja, mimi ambaye siwezi kufungua chupa ya achari.

Mlango ukafunguka. Mwalimu alikuwa na alama ya mto shavuni na nywele upande mmoja.

"Una wazimu? Wataita polisi."

"Hukufungua!"

"Nilikuwa nimelala, bibi we. Nimelala mpaka Alfajiri imenipita, astaghfirullah. Ndiyo kosa?" Kisha akaniona vizuri, akaacha kufoka. Akanivuta ndani, akanikalisha kitandani, akanipa maji. Halafu akasema, "Hivi ndivyo anavyojisikia mwanangu?"

"Hivi hivi."

"Maskini," alisema.

Maskati ilitupokea kwa joto lake, ile hewa inayokutia ukungu kwenye miwani ukitoka tu kwenye kiyoyozi. Kijana alikuja kutuchukua. Alibusu kichwa cha mama yake, akamsalimia Daktari, akanisalimia mimi, akachukua sanduku zito kuliko yote, ambalo lilikuwa langu. Tulipofika barabara kuu alisema, "Mama, upande wako umekwisha kupakwa rangi."

"Mashallah. Mpe mkeo, apate nafasi zaidi. Mie nnabaki Darsait."

Mimi na Daktari tulitazama nje, kila mtu dirisha lake.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Wapwa waje kula, wakitaka. Wasije kulala."

"Na ukianguka?"

"Naweza kuanguka." Aliweka mkono kwenye bega lake, naye akiwa anaendesha. "Baba yako alianguka na mie nipo. Nilikimbia, nikapiga simu, mlango ukavunjwa, nikamshika kichwa. Sikumzuia kuanguka, mwanangu. Hakuna ambaye angemzuia."

Niliona kwenye kioo anauma mdomo, kama mtoto.

"Nitakupigia kila asubuhi nikishasali," alisema Mwalimu. "Nisipopiga, njoo. Ufunguo unao. Najua utaogopa. Na mie nitaogopa, huko kwangu. Tutaogopa wote wawili, kila mtu kwake."

"Na ukisahau tu kupiga?"

"Utakuja utanikuta nnakunywa chai. Utakunywa na wewe, uende kazini."

Kijana hajanisamehe, nadhani. Tukikutana hunisalimia kwa adabu zote na kwa ufupi. Lakini wiki iliyopita simu yangu ililia asubuhi, naye alikuwa garini, anapumua kama aliyekimbia: mama hajapiga, khalti umesema naye? Sijasema naye, nikamwambia, nenda. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na simu mkononi, siwezi hata kuvaa. Baada ya muda ikalia tena.

"Simu yake haikuwa na chaji," alisema. "Yupo. Amenikasirikia nimegonga sana."

"Alhamdulillahi. Na wewe umefanya nini?"

"Nnakunywa chai," alisema kwa hasira, na nyuma yake nikasikia sauti ya mama yake ikimuuliza kama anataka sukari.