Matairi Mawili Yasiyofanana

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyobishana na Mzee Anaeli, fundi baiskeli wa Engutoto, pale mjini, mbele ya wateja wake wote. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa na cheti kipya cha mifugo, kazi mpya ya kuchanja kuku huko Oldonyo Sambu, na baiskeli ya milima niliyoinunua mtumba na kuipenda kuliko nguo zangu zote. Nilijiona nimefika. Kijana anayejiona amefika ni vigumu kumwambia kitu, na mimi siku ile nilikuwa mgumu kweli.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulininyooshea simu imejaa picha za matairi, ukaniuliza, "Mama mkubwa, ninunue lipi? Tunataka kuzunguka Mlima Meru kwa baiskeli na wenzangu wa chuo." Nilikujibu neno moja tu kwa kuwa nilikuwa na maharage jikoni. Leo nina nafasi. Kaa.

Kwetu, kama unavyojua, ni Poli, huku upande wa mvua wa mlima, kwenye kahawa na migomba. Wakati ule baiskeli huku ilikuwa ya kubebea mikungu ya ndizi. Tairi lilikuwa tairi: jeusi, la mviringo, likitoboka unatia kiraka. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza la mbele liwe la namna gani na la nyuma la namna gani. Kwa hiyo Mzee Anaeli aliponitolea matairi mawili yasiyofanana, nilidhani ananiona mshamba.

Alikuwa Mchaga wa Machame, mwembamba, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisani kwao. Hata akikaza spoku alikuwa ananguruma wimbo chini kwa chini, na ungeweza kujua kazi inakwendaje kwa kusikiliza wimbo umefika wapi. Tairi la kwanza aliloninyooshea lilikuwa pana. Kashata zake, yaani yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, zilikuwa ndefu na zimeachana, hasa za pembeni. La pili lilikuwa jembamba kidogo, kashata zake fupi, zimebanana katikati.

"Hili kubwa mbele," akasema. "Hili lingine nyuma."

"Mzee wangu, mimi nataka jozi. Haya ni mabaki ya jozi mbili."

"Hii ndiyo jozi. La mbele na la nyuma hayafanyi kazi moja."

"Basi kubwa liende nyuma," nikasema. "Nyuma ndiko ninakokalia. Nyuma ndiko kwenye mzigo. Mnyororo nao unavuta gurudumu la nyuma, si la mbele."

Usinicheke mapema, mwanangu. Hoja yangu haikuwa ya kijinga, na hata leo ukiwauliza watu kumi, wengi watasema kama mimi. Ilipungukiwa kitu kimoja tu, ambacho Mzee Anaeli alikuwa amekijua kwa makovu ya magoti yake, na mimi magoti yangu yalikuwa bado laini.

Aliacha kunguruma. Akaniambia, "Binti yangu, tairi la nyuma likiteleza, utacheka mwenyewe. La mbele likiteleza, watacheka wenzako."

Wateja wakaangua kicheko. Badala ya kusikia maana, mimi nikasikia kile kicheko tu. Uso ukanipanda moto.

"Funga nilivyosema," nikamwambia. "Atakayeendesha ni mimi."

Akafunga. Hakununa wala hakunisimanga. Alipomaliza alizungusha gurudumu moja baada ya jingine, akanikabidhi baiskeli yangu na kusema, "Nenda na Mungu. Ukirudi, spana zipo."

Sasa, Oldonyo Sambu si Poli. Mlima ni uleule, lakini kule ni mgongoni kwake, upande mkavu. Vumbi lake ni jepesi kama unga, linafunika mawe ya ukubwa wa ngumi usiyaone. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na barabara kuu, na maboma niliyotakiwa kuyafikia yalikuwa bondeni, kwenye njia za punda na mbuzi.

Siku hizo kideri kilikuwa kimeingia kijiji cha jirani. Huo ugonjwa ukipata banda, unaamka unakuta kuku wamepinda shingo, na baada ya siku chache huna hata mmoja wa mbegu. Kinga yake ni kuwahi: tone moja la chanjo kwenye jicho la kila kuku kabla ugonjwa haujafika. Bibi mmoja wa boma la chini kabisa, Koko Nasieku, alikuwa amewahimiza akina mama wote wa bonde lile wawafungie kuku wao tangu alfajiri, kabla hawajatoka, wanisubiri. Kama hujawahi kuzuia kuku wasitoke asubuhi, huwezi kujua ni heshima gani walinipa.

Nikafunga kwenye keria ya baiskeli chupa ya chai yenye mdomo mpana, ndani yake barafu na vichupa vya chanjo. Jua linachomoza, mimi niko njiani. Kilima cha kwanza nilikipanda huku nikijisifu. Lile tairi la nyuma lilishika ardhi kama kucha. Laiti Mzee Anaeli angeniona, nikawaza. Halafu njia ikaanza kushuka. Kwenye kona ya kwanza nikageuza usukani kushoto. Usukani ukageuka. Baiskeli haikugeuka.

Tairi la mbele lilielea juu ya vumbi, likaenda lilikotaka, na mimi nikaenda kwingine. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa chini, mdomo umejaa vumbi, na punda wawili wamesimama wananiangalia kwa utulivu kabisa. Kiwiko kimechubuka, goti limechubuka. Tairi langu la nyuma, lile nililolipigania, lilikuwa safi, kashata zake zinang'aa. Halikuwa limeteleza hata kidogo. Nikaishika ile chupa ya chai, nikasikia vigae vinacheza ndani. Kioo kilikuwa kimevunjika, na vichupa vya chanjo vimepasuka vyote.

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojaribiwa. Ningeweza kurudi chumbani na kutuma ujumbe kwamba chanjo haijafika kutoka mjini. Nani angejua? Nilikaa palepale nikiupanga huo uongo, nikauona umekaa vizuri, hauna tundu. Lakini kutoka bondeni nikasikia kuku wanapiga kelele mabandani, wengi, wana njaa, na akina mama wanaongea na kucheka wakinisubiri. Nikasimama. Nikaikokota baiskeli, nikashuka kwa miguu.

"Takwenya, koko," nikamsalimia yule bibi kwa Kimaa.

"Iko," akaitikia. Akanitazama kuanzia nywele hadi viatu. Nilikuwa mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya kusaga. "Daktari wa kuku, umepigana na nani?"

"Na baiskeli, koko. Chanjo yote imevunjika. Kosa ni langu. Fundi alinieleza tairi lipi likae mbele na lipi likae nyuma, nikamkatalia."

Mama mmoja aliyekuwa amepakata tetea wake akamtazama, akanitazama mimi. Nilijua anachowaza. Kuku wale walikuwa sare za shule, walikuwa kitoweo cha mgeni, walikuwa kitu pekee pale bomani ambacho mwanamke angeweza kukiuza bila kumuuliza mtu.

Koko Nasieku akauliza, "Huyo fundi ni mzee?"

"Ni mzee, koko."

"Na wewe ukamkatalia?"

"Nilimkatalia."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka shanga za masikioni zikawa zinagongana, akakaa chini, akacheka tena. Wenzake wakafuata, na yule mama mwenye tetea akacheka kuliko wote, tetea naye akilalamika. Mwisho hata mimi nikacheka, vumbi likitoka puani. Wakaniosha kiwiko, wakanipa maziwa mgando, wakawafungulia kuku. Nilipoaga, Koko alinishika mkono.

"Nenda kwa mzee wako. Keshokutwa tutawafungia tena. Lakini ukija umeanguka, tutakuchanja wewe."

Nikapandisha baiskeli juu ya lori la viazi lililokuwa linakwenda mjini. Njiani nilitunga namna kumi za kuanza. Nilipofika kibandani zote zikapotea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama kiwiko. "Wamecheka?"

"Wamecheka."

"Vizuri. Sasa njoo nikuonyeshe."

Hakuniambia, "Si nilikuambia?" Kumbuka hilo siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa. Alinipeleka kwenye rundo la mchanga la jirani aliyekuwa anajenga, akaniambia nikate kona juu ya ule mchanga huku nikiisukuma baiskeli kwa mikono. Gurudumu la mbele likaparaza, likanitoroka. Akabadilisha matairi, kubwa mbele, dogo nyuma, nikasukuma tena. Safari hii zile kashata ndefu za pembeni ziliuma mchanga, na baiskeli ikaenda nilikoielekeza. Nyuma iliyumba kidogo, kisha ikafuata.

"La nyuma linabeba na kusukuma," akasema. "Likiteleza unalisamehe, unakanyaga pedali, mnaendelea. La mbele ndilo linalochagua njia. Tena ukifunga breki kwenye mteremko, uzito wako wote unakuja huko mbele. Likikuacha, huna muda wa kulisamehe, umeshafika chini."

Akapunguza upepo wa tairi la mbele kidogo, akalibonyeza kwa kidole gumba mpaka akaridhika. La nyuma akaliongeza kidogo kwa sababu ya mzigo, ili rimu isipige mawe. Nilimuuliza maswali mpaka wateja wengine wakaanza kukohoa. Alinijibu yote, na alipofunga nati ya mwisho alikuwa ameshafika kwenye kiitikio.

Keshokutwa yake, mwanangu! Natamani ungekuwepo. Nilifika kwenye ile kona na chanjo mpya niliyoichukua mjini, nikageuza usukani, na lile tairi likaingia kwenye vumbi, likashika. Likashika kweli! Nyuma ikacheza kidogo kama mtu anayesikia ngoma, nikapiga kelele ya furaha peke yangu. Kona ya pili, ya tatu, mawe yanaruka pembeni, mimi nimo tu. Akina mama waliniona kwa mbali nikija na wingu la vumbi nyuma yangu, wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakatoka mabomani. Tulichanja mpaka saa sita. Koko Nasieku alishika kuku, mimi nikadondosha tone. Kila jogoo aliyenidonoa alipewa jina la mume wa mtu.

Majuma kadhaa baadaye kideri kilipita Oldonyo Sambu. Kwenye bonde lile hakikuchukua chochote cha maana. Koko alinitumia jogoo mkubwa mwekundu. Nilimfunga kwenye keria, nikampeleka Engutoto, na Mzee Anaeli akamla na kwaya nzima.

Basi nikuachie maneno. Usianze kwa kuchagua tairi, anza kwa kuijua njia. Mbele weka lililo pana, la mpira laini, lenye kashata ndefu na mabega, yaani kingo za pembeni, ya kushika kona. Nyuma linatosha lenye kashata fupi zilizokaribiana, linazunguka kwa wepesi usichoke kwenye kupanda, ila ubavu wake uwe mgumu kwa ajili ya mawe. Ukienda huku kwetu masika, kwenye tope jeusi la migombani, tafuta kashata zilizoachana mbele na nyuma, tope lidondoke lenyewe. Tazama mshale ubavuni mwa tairi, unaoonyesha lizungukie upande gani, kabla hujalifunga. Na la nyuma likiisha, maana litaisha mapema, usifunge jipya nyuma. Lihamishe la mbele liende nyuma, lile jipya likae mbele. Kilicho bora kipe kile kinachokuongoza.

La pili ni hili. Si kila mzee yuko sahihi, nami nimewahi kukupoteza njia ya Nkoaranga mchana kweupe. Lakini mtu mwenye miaka yake kwenye kazi akikwambia jambo usilolielewa, kabla hujakataa muulize kwa nini. Mimi neno hilo lilinishinda kutamka, nikalilipia kwa ngozi. Na ukishakosea, wahi kulisema mwenyewe ukiwa bado na vumbi mwilini, mbele ya wale uliowaumiza. Watu ni wema kuliko tunavyowadhania. Wengi wakisikia ukweli mapema, watakufungulia mlango mara ya pili.

Sasa nenda na wenzako. Mungu akupe kifua cha kupanda na busara ya kushuka. Akukutanishe njiani na watu watakaokuonya bila kukudharau. Akupe miaka mingi yenye miguu yenye nguvu, na kila mlima utakaouzunguka ukurudishe nyumbani ukiwa mzima, una njaa, na una habari za kutusimulia. Amina, mwanangu.