Nilivyoipiga lamination imeili ya chuo cha bure, mama akaialikia watu dua

Salaam wakuu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipiga lamination imeili. Mengine yote yametoka hapo, na nitayaeleza kama yalivyokuwa, hata yanayonidhalilisha.

Mimi ni kijana wa Mtambile, Pemba. Niliishia form four. Kompyuta nimejifundisha mwenyewe dukani ninapofanya kazi ya kutoa kopi, kuchapa barua na kukata picha za pasipoti.

Nina ugonjwa mmoja. Kitu kisiponyooka kabisa, sina raha. Picha ya mteja nimewahi kuikata kando mara sita mpaka akabaki pua.

Siku moja nikakutana na taasisi ya nje inayotoa masomo ya chuo kikuu mtandaoni, bure. Hawatafuti faida. Kwenye video yao kuna bwana anatabasamu, anasema huhitaji chochote ila hamu ya kujifunza. Bando hakulitaja. Umeme pia kausahau.

Nikajisajili kozi ya Takwimu. Papo hapo ikaingia imeili: CONGRATULATIONS, herufi za dhahabu, jina langu kamili, na nembo yao. Hawa jamaa wanapongeza mno. Ukifungua ukurasa, hongera. Ukiufunga, wamekumiss.

Nikaichapa kwa rangi. Nikaona itajikunja, nikaipiga lamination, nikaenda nayo nyumbani.

Mama hajui Kiingereza, ila dhahabu anaijua.

"Ndo cheti cha chuo kikuu hicho?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikainamisha kichwa. Yeye akaona ni unyenyekevu, akapiga kigelegele.

Kesho yake karatasi iko ukutani, karibu na picha ya Makka. Wiki hiyo hiyo mama kaenda kwa Mzee Othman kumposa bintiye, Raya. Mzee yule alisharudisha wachumba wawili kwa kuwa hawakusoma. Safari hii akasema atakuja kuniona. Mama akapanga dua ya shukrani mwisho wa mwezi uliofuata na kualika kila mtu, hata wale tusiosalimiana nao tangu uchaguzi.

Nikapiga hesabu. Kozi ni wiki nne, dua ina wiki tano. Namaliza, napata cheti cha kweli, nabadilisha karatasi ukutani, hakuna atakayejua.

Alama ya kufaulu ni sitini. Quiz ya wiki ya kwanza nikapata tisini na sita.

Mtu mwenye akili angeendelea. Mimi nikarudia.

Quiz zao unarudia utakavyo. Hiyo ndiyo huruma yao, na ndiyo iliyoniua. Nikapata tisini na mbili. Nikarudia. Swali moja lilihusu wastani wa theluji mjini kwao, nikatumia siku mbili kuisoma theluji. Kila nikikosa, imeili: You are amazing!

Siku ya dua ikanikuta bado niko wiki ya kwanza ya kozi. Quiz nimeshairudia mara kumi na tisa.

Watu walijaa. Shehe alipomaliza akasema, "Sasa tusomewe hicho cheti, tujue tunachoshukuria."

Kikatolewa ukutani, akapewa Bi Nasra, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyekaa na wanawake karibu na mlango. Akavaa miwani. Akasoma kimya kwanza. Akaniangalia. Kisha akatafsiri kwa sauti, kama yuko darasani:

"Hongera kwa kufungua akaunti. Tafadhali thibitisha barua pepe yako ndani ya saa ishirini na nne."

"Kuthibitisha barua pepe ndo digrii?" akauliza Mzee Othman.

"Hapana, mzee," akajibu Bi Nasra. "Ndo kuandikisha jina."

Nikasimama, nikasema yote. Karatasi, theluji, mara kumi na tisa. Jasho lilitiririka ndani ya kanzu.

Mama akauliza, "Kwani kufaulu ngapi?"

"Sitini."

"Na wewe ulipata?"

"Tisini na sita."

"Lini?"

"Siku ya kwanza."

Akashika kichwa. "Ewe mwanangu! Sasa ulikuwa wamngoja nani?"

Watu wakaangua kicheko, wale wa uchaguzi ndio waliocheka zaidi. Shehe akainua mikono: "Basi tumuombee aingie wiki ya pili." Amina ilisikika mpaka barabarani. Pilau ikaliwa.

Mzee Othman aliponiaga alisema, "Ukimaliza, njoo. Usipomaliza, usije."

Nilimaliza kwa sabini na moja. Kila kosa liliniuma kama jino, nikaliacha. Nikampelekea mzee cheti cha kweli kwenye simu. Akakitazama sana. "Kile cha mwanzo kilikuwa kizuri zaidi," akasema. Kisha akamwita Raya alete chai.

Karatasi ya lamination imerudi ukutani. Mama kakataa kuitoa. Anasema ndiyo iliyoombewa dua.

Nilichojifunza ni kwamba chuo cha bure hakina mtu wa kukufukuza wala wa kukusukuma, kwa hiyo mwenye woga atakaa darasa la kwanza mpaka azeeke, huku akipongezwa. Kama nawe kuna sehemu umekwama unarudia, iandike hapa chini. Sitakucheka, sina haki hiyo.

Mimi siku hizi nikivuka sitini nasonga mbele. Uzi huu nimeusoma mara mbili tu kabla ya kuuposti.