Hema Lililoegemea Baiskeli

Kuna watu ambao wakiambiwa "pumzika sasa, umri umekwenda" hushukuru na kuvua viatu. Mama Turubai si wa kundi hilo. Yeye akiambiwa apumzike, huuliza kwanza ni nani aliyemchoka.

Kazi yake ni kushona maturubai ya malori, na ameifanya tangu nywele zikiwa nyeusi. Chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara, ndicho karakana. Katikati ipo cherehani nzito ya kukanyaga, pembeni yamelundikana makunjo ya kitambaa cha kijani na cha buluu, na sakafuni, ukijitia adabu ukavua viatu, utachomwa na pete za chuma zilizodondoka. Mwenyewe hutambaa juu ya turubai lililotandazwa, magoti kayafunga matambara, uzi uliopakwa nta kaubana kwa meno, huku akiwafokea madereva wanaokanyaga mshono kwa viatu vya grisi. Turubai likiisha hulifunga kwenye keria ya baiskeli yake kwa vipande vya tyubu kuukuu, akalipeleka mwenyewe hadi kwenye maegesho ya malori. Hata kilima cha sokoni hakimshushi, na wanaomzomea kwa mapenzi njiani huwajibu kwa kengele.

Mambo yaliharibika alipougua homa. Ilimlaza peke yake, simu ikaisha chaji, na mwanawe wa pekee, aliyepiga mpaka akachoka, akafunga safari kutoka mji anakoishi, akavunja mlango. Alimkuta mama yake sakafuni, kichwa juu ya turubai la mtu, anaweweseka. Mama alipona. Mwana ndiye ambaye hakupona. Bwana huyu ni mkuu wa kitengo katika ofisi ya bima, kazi yake ni kuwaza mabaya kabla hayajatokea, na baya hili lilikuwa limempita. Akaweka mlango mpya, akabaki na ufunguo mmoja wa akiba, na mama hakupinga. Kisha akaanza habari ya chumba.

Chumba kilikuwa nyumbani kwake. Kilikuwa kimepakwa rangi, kina pazia jipya, kitanda kipana na choo mlango wa pili.

"Mama, hutakuwa na la kufanya kabisa," alisema kwa furaha, asijue kwamba hapo ndipo alipoharibu.

Tusidanganyane, Mama Turubai aliiogopa ile homa. Aliogopa kulala pale chini na kusikia malori yakipita nje huku hana sauti ya kuita. Lakini kile chumba alikiogopa zaidi. Aliwajua wenzake walioingia vyumba vya namna ile. Walianza kwa kuambiwa wasifue, wakaja kuambiwa wasitoke, na mwishowe wakawa wanaulizwa wanasikiaje mbele ya wageni, jibu likitolewa na mtu mwingine. Wengine walishukuru kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Nitakuja," alimwambia mwanawe kwenye simu. "Kukutembelea."

"Nikutumie gari?"

"Nitakuja na baiskeli."

Mwana alicheka, mpaka akagundua kwamba anacheka peke yake. "Mama, huko njiani utalala wapi?"

"Nitalala ndani ya kitu nitakachoshona. Si mnasema siwezi kulala peke yangu? Basi nitalala peke yangu porini, nije kwako kwa miguu yangu miwili. Nikifika mzima, habari za chumba ziishe. Tumeelewana?"

"Tutaona, Mama."

Yeye aliisikia "tutaona" hiyo kama ndiyo. Mwanawe alikuwa ameisema kama hapana.

Akaanza kushona. Nguzo za hema hakuzitaka. Kwa nini abebe nguzo ilhali amepanda nguzo? Baiskeli ingesimama yenyewe, gurudumu limekazwa breki kwa kipande cha tyubu, kamba mbili zikiivuta upande wa nje, na kitambaa kingetandwa juu ya usukani na siti kishuke hadi chini upande wa pili. Yeye angelala katikati. Bila baiskeli hakuna hema, na mwizi atakayetaka baiskeli itabidi amwamshe kwanza. Hesabu hiyo ilimfurahisha mno.

Hema la kwanza alilishona kwa turubai la lori, mshono mara mbili, kama anavyoshona siku zote. Akalijaribu uani kwake. Asubuhi aliamka blanketi limelowa chapachapa, matone yanamdondokea puani. Alitoka nje akakuta ardhi kavu. Mvua haikunyesha. Alipekua mshono mmoja mmoja kwa vidole, matusi yakimtoka, kwa sababu katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumrudishia turubai linalovuja.

Alikuwa anakamua blanketi wakati dereva mmoja wa lori alipoingia kuchukua turubai lake. Huyu wanamwita Breki, maana huwa hana haraka na chochote.

"Mama, limevuja?"

"La kwangu halivuji!"

Breki akalitazama blanketi, akamtazama mama, akaona ni bora asiulize swali la pili. Akaingiza kichwa ndani ya hema, akakitoa upesi. "Mh! Huku ndani joto. Mzigo wangu hukaa humu wiki nzima na haujawahi kulalamika."

"Mzigo wako unapumua?"

Swali lilimtoka mama, na papo hapo mwenyewe akapata jibu. Maji yale yalikuwa pumzi yake. Miaka yote hiyo alikuwa anashonea saruji, mahindi na mabati, vitu visivyopumua, na ulipofika wakati wa kujishonea mwenyewe alijifunga kama gunia. Aliona aibu, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Breki naye akacheka, kwa tahadhari.

La pili alilishona kwa vitambaa vya miamvuli mibovu. Vingi vilikuwa vyeusi, vichache vya maua, na kimoja kikubwa kilitangaza dawa ya meno. Chini, pembezoni, akazungushia chandarua ili upepo upite. Turubai akaliacha liwe sakafu tu. Hema hili lilikuwa jepesi, linakunjika likaingia kwenye mfuko wa pembeni mwa keria, na lilikuwa baya kwa sura. Kasoro moja ilibaki: pedali ilimkwaruza mbavu kila alipogeuka. Hiyo akaamua kuifungua kwa spana kila jioni na kuirudisha kila asubuhi.

Basi akaondoka. Njiani alisukuma baiskeli kwenye milima zaidi ya alivyokuja kukiri baadaye, na magoti yalimwambia waziwazi maoni yao. Alilala kwenye uwanja wa shule baada ya kumwomba mwalimu mkuu, na nyuma ya kituo cha mafuta, ambako mlinzi alilizunguka hema mara kadhaa kisha akauliza, "Humu kuna mtu au kuna mzigo?"

"Kuna mwenye baiskeli!" alijibu kutoka ndani.

Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ujana wake. Asubuhi alikuwa akikaa mlangoni mwa lile dude, pedali mkononi, akitazama watu wakienda makazini na kumshangaa, na hakuna aliyemwuliza amelalaje. Amelala vibaya, mgongo unamuuma, na ni wake mwenyewe.

Alifika kwa mwanawe amekolea vumbi mpaka kwenye nyusi. Mke wa mwana ndiye aliyefungua geti, akamkumbatia, kisha akaangalia chini. Mwana akamshika mama mkono, anatabasamu, akampeleka moja kwa moja hadi chumbani.

Chini ya dirisha, juu ya zulia dogo, ilikuwa imewekwa cherehani yake.

Ilikuwa imefutwa vumbi na kufunikwa kitambaa cha meza. Mwana alikuwa amefungua nyumba kwa ule ufunguo wa akiba wakati mama yuko barabarani, akamkodi Breki, akamwambia mama anahama. Breki hakushuku. Vitambaa vilikuwa vimegawiwa kwa fundi mwingine na nyumba ilikuwa imeshatafutiwa mpangaji.

"Nilitaka ukute kila kitu tayari," alisema mwana.

Mama Turubai alitamani kulia na alitamani kumzaba kofi, na kwa kuwa hakujua lipi lianze, akazungumza polepole. "Ufunguo ule nilikuachia unifungulie nikiugua. Sikukuachia unihamishe nikiwa mzima."

"Mama..."

"Tulielewana."

"Nilisema tutaona."

"Haya. Sasa utaona."

Akatoka. Akaikokota baiskeli hadi kwenye bustani ya mbele, kando ya gari la mwanawe, akakaza breki, akavuta kamba, akatandaza miamvuli. Majirani wakajaa kwenye vibaraza vyao.

"Mama, watu wanaona!"

"Waone. Wasome na tangazo la dawa ya meno."

Hapo mama alikata shauri: chumba hataingia, na haondoki bila cherehani. Mwana alikwenda kazini akarudi, hema lipo. Wenzake wa ofisini walisikia. Mwenye nyumba aliyompangishia mwana alipiga simu kuuliza kama kuna msiba. Mke wa mwana alimletea mama chai na chakula palepale mlangoni mwa hema, na siku moja akachuchumaa akanong'ona, "Mimi nilimwambia asiiguse ile cherehani."

"Ungemwambia kwa sauti, binti yangu."

Jumapili alasiri mvua ilishuka ghafla, yenye upepo. Mwana alitoka mbio na mwamvuli mzima, upepo ukaupindua palepale, naye akaona hana jinsi. Akainama, akaingia hemani kwa magoti. Ni mtu wa mwili, na hema lilipimwa kwa mtu mmoja mwembamba. Alipojaribu kugeuka bega lake likaigonga siti, kamba ya nje ikang'oka, na baiskeli, usukani na miamvuli yote vikawaangukia.

Mama alicheka sana. Walikuwa wamelaliana gizani chini ya kitambaa, mvua ikiwapigia mgongoni, pedali ya pili ikitafuta mbavu za mtu.

"Umeumia?" aliuliza.

Mwana alipojibu, sauti haikuwa ya mkuu wa kitengo. "Siku ile navunja mlango nilidhani umekufa. Mpaka leo nikikupigia usipopokea, nauvunja upya ule mlango."

Kicheko kilimkauka mama. Hakuwa amejua. Aliutafuta mkono wa mwanawe mle ndani, akaukuta umelowa, akaushika. Moyo wake ulilainika, lakini kulainika si kukubali.

"Mwanangu, na mimi siku ile nilidhani nimekufa. Ila nilipoikuta cherehani yangu imevikwa kitambaa cha meza, sikudhani. Nilijua."

Mvua ikaendelea. Majirani, bila shaka, nao waliendelea kutazama rundo lile la miamvuli likitikisika.

"Na ikitokea tena?" mwana aliuliza.

"Itatokea. Hata nyie huko bima hamna karatasi ya kuzuia hilo."

"Nije nikukute umekufa?"

"Unikute nyumbani kwangu."

Mama akahisi mabega ya mwanawe yakitetemeka. Akamwacha alie. Kisha akamsikia anapapasa mfukoni, na mwanga wa simu ukawaka kwenye vitambaa vyeusi na maua. "Breki," alisema, akikohoa kidogo, "lile lori lako lina nafasi kesho?"

Asubuhi cherehani ilipandishwa, mwana mwenyewe akiwa upande mzito. Mpangaji alikuwa ameshaambiwa atafute kwingine. Breki, aliyekosa pa kuweka macho tangu afike, akafungua bamba la nyuma. "Mama, na baiskeli inaenea. Panda na wewe, mbele kuna kiti kizuri."

"Tangulia. Ukifika uishushe taratibu, na usikanyage kitu."

Mwana alisimama ameishikilia baiskeli isianguke wakati mama anakunja hema na kukaza pedali. "Unipigie kila jioni," alisema.

"Nitapiga mimi. Usipige wewe."

"Nikikaa sana bila kukusikia?"

"Ujue ninapanda mlima."

Akapanda. Nje ya geti barabara inainuka, na mwana akaishika keria kwa mikono miwili, akasukuma, viatu vya ofisini vikiteleza kwenye matope ya jana. Alisukuma hadi mwinuko ukaisha, na pale pa tambarare akawa bado anakimbia naye, kashikilia.

"Achia," alisema mama bila kugeuka.

Akaachia.