Maswali Kumi na Mawili ya Bibi Mrefu

Nakumbuka asubuhi moja pale Mapera, umande haujakauka kwenye mibuni, nilipoulizwa maswali kumi na mawili nikayajibu yote kwa neno moja. Mjukuu wangu, umekuja kuniaga kwa furaha, unasema umepata kazi ya kuongoza wageni wanaokuja likizo kutazama ziwa letu. Hongera. Kaa kidogo, chai bado ya moto. Kazi hiyo na mimi niliwahi kuifanya, kabla hata mama yako hajazaliwa. Niliifanya mara moja tu. Sikuitwa tena.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini, nafundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule ya misheni, huku nikingoja nafasi ya kwenda chuo cha ualimu. Wakaja kwetu wanawake wawili wa Kizungu, walimu wa shule moja ya mbali huko kaskazini, wako likizo. Walipanda lori kutoka Songea, wakapita Kitai, wakafika kwetu wamekuwa wekundu kwa vumbi toka nywele hadi viatu. Mmoja alikuwa mrefu kiasi cha kuinama mlangoni mwa darasa langu, mwingine alivaa miwani minene. Majina yao yalitushinda kuyatamka, tukawaita Bibi Mrefu na Bibi Miwani.

Walitaka kushuka kwa miguu siku tatu mpaka Mbamba Bay, wapande meli ya ziwani kuelekea kaskazini, warudi shuleni kwao kabla muhula haujafunguliwa. Meli ikiwaacha, wangengoja wiki mbili ufukweni. Kwa hiyo waliomba mwanamke wa kuwaongoza, anayejua Kiswahili na anayejua njia.

Kiswahili nilikijua. Sista Mkuu wa shule yetu akaniambia nikiwahudumia vizuri wataniandikia barua ya sifa, na barua hiyo ingenifungulia mlango wa chuo. Basi nikasimama mbele yao asubuhi ile, nimevaa gauni langu la Jumapili, na Bibi Mrefu akafungua daftari.

Kiswahili chake alikuwa amejifunza kitabuni, kimenyooka kama rula.

“Mwalimu Skolastika, je, umewahi kufika ziwani?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Mwanangu, nilikuwa nimeliona ziwa mara moja, kutoka mlima wa mbali, nikaambiwa ule weupe kule chini ni maji. Lakini kwetu mgeni hajibiwi hapana. Mgeni amesafiri, amechoka, amekuuliza kwa heshima, halafu wewe umvunje moyo? Ndivyo nilivyolelewa. Na hapo weka na barua ya chuo kichwani, utaelewa ulimi wangu ulivyoteleza.

“Njiani kuna nyumba za kulala wageni?” Ndiyo. “Zina vitanda na vyandarua, ili tusibebe vyetu?” Ndiyo. “Chumvi inapatikana?” Ndiyo. “Nimesikia meli hufika Alhamisi. Ni kweli?” Ndiyo, kabisa! Hilo la “kabisa” nililiongeza mwenyewe bila kuulizwa. Kila nikijibu aliandika, na kadiri alivyoandika ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba najua.

Kando yetu mkuu wa wapagazi alikuwa anafunga mizigo kwa kamba. Huyo ni Mzee Kaspari, mtu mfupi, mkimya, miguu imekauka kwa kutembea. Kila kiangazi alishuka ziwani kununua samaki wakavu na kuja kuwauza huku milimani. Alisikia majibu yangu yote. Akaendelea kufunga kamba.

Tukaondoka Jumatatu. Siku ya kwanza ilikuwa ya kupanda na kushuka, unavyoijua milima yetu. Wageni walifurahia mashamba ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa mlimani kama kitambaa kilichofumwa, wakasimama kila mara kupiga picha. Ilipofika saa sita Bibi Miwani akaniuliza kama tunakaribia pa kulala. Nikamwambia ni karibu. Saa nane akauliza tena, nikamwambia ni karibu. Saa kumi nikamwambia ni karibu sana. Jua lilipoanza kuzama, akiwa ameketi juu ya jiwe, viatu kavivua na vidole vimevimba, akasema kwa upole:

“Mwalimu, sasa nimeelewa. Ulikuwa hutuambii umbali. Ulikuwa unatukaribisha.”

Wapagazi walicheka mpaka wakashusha mizigo. Mimi nikacheka nao, lakini masikio yalikuwa yanawaka.

Nyumba ya wageni haikuwapo. Katekista mmoja alitufungulia darasa lake, akaleta mikeka. Nikawa natafuta maneno ya kumweleza Bibi Mrefu kuhusu vitanda, mara nikamwona Mzee Kaspari anafungua mzigo mmoja ambao haukutakiwa kuwapo. Ndani yake mlikuwa na vyandarua viwili, blanketi nne na chumvi ndani ya kopo.

Nikamvuta kando. “Shikamoo, mzee. Si mliambiwa hivi viachwe?”

“Marahaba. Tuliambiwa na nani?”

“Na mimi.”

“Ehee,” akasema, akaenda kutafuta kuni.

Ungedhani hapo ningepata akili. Sikupata. Kesho yake tulifika mahali njia inapogawanyika, moja kulia, moja kushoto. Wageni wakanitazama. Ya kulia ilikuwa pana na imefagiliwa, nikaona inafanana na njia ya kwenda mahali pa maana, nikaishika kichwa juu. Mabibi wakanifuata. Wapagazi hawakufuata. Mzee Kaspari aliweka mzigo chini, akaketi juu yake, na wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Tulikwenda zaidi ya saa nzima, mwanangu. Njia ile pana iliyofagiliwa iliishia kwenye mlango wa jiko la mtu. Kikongwe mmoja alikuwa ndani anachambua maharage. Akatutazama, akamtazama Bibi Mrefu kuanzia chini kwenda juu, safari ndefu hiyo, kisha akaniuliza kwa Kimatengo kama tumekuja kuposa. Alikuwa na mjukuu wa kiume ambaye hajaoa, na kama tunamtaka huyo awe mume wa mgeni huyu mrefu, alikuwa tayari kutusikiliza.

“Anasemaje?” akauliza Bibi Mrefu.

“Anasema karibuni,” nikajibu.

Alitupa ndizi mbivu, tukala, tukarudi tulikotoka. Kwenye njia panda Mzee Kaspari alikuwa amelala juu ya mzigo, kofia usoni. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakusema.

“Wewe ndiye kiongozi, mama,” akasema, akajitwika mzigo, akashika njia ya kushoto.

Jumatano, kabla ya saa sita, tulitokeza kwenye ukingo wa milima. Ziwa lote likawa chini yetu. Mpaka leo sijui kulieleza. Ule weupe niliouona zamani ulikuwa umegeuka bluu, umejaa macho yote, na ng'ambo yake milima mingine kama ya kuchorwa. Bibi Miwani alifuta miwani yake mara mbili. Bibi Mrefu alifungua daftari, akaanza kuandika, kisha akanyoosha kidole kuelekea ghubani.

“Mwalimu. Meli inakuja kesho, Alhamisi?”

“Ndiyo.”

“Na kile kinachotoa moshi pale ni nini?”

Nilikiona. Kilikuwa cheupe, kina bomba, kimetulia katikati ya ghuba, na mitumbwi imekizunguka.

“Ni mtumbwi mkubwa,” nikasema.

Hakuna aliyecheka. Bibi Mrefu alinitazama, akalifunga daftari polepole. Hilo daftari lilivyofungwa! Nikawaona wale wanawake wawili wamekaa wiki mbili ufukweni bila kitanda, wanafunzi wao wanangoja darasani bila mwalimu, na yote kwa sababu yangu. Nikakaa chini kwenye majani na gauni langu la Jumapili.

“Sijui,” nikasema. “Sijui meli inakuja lini. Sijawahi kufika huku. Niliona aibu kusema.”

Kisha Bibi Mrefu akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mapera kuna mtu akamuuliza Mzee Kaspari kitu.

“Mzee, wewe wajua?”

“Najua,” akasema Mzee Kaspari. “Ile haina siku. Ikifika imefika. Lakini leo inapakia magunia, na ikipakia magunia haiondoki mpaka alasiri. Tukishuka sasa hivi bila kupumzika, tunaiwahi.”

Tulishuka, mwanangu. Sisemi tulitembea. Palipokuwa na mteremko mkali Bibi Mrefu aliketi chini akateleza kwa makalio, daftari kalibana kwapani, na mwenzake akamfuata akipiga kelele za furaha kama mtoto. Wapagazi wakatupita wakikimbia na masanduku vichwani. Joto la ziwani likatupokea huko chini kama mdomo wa tanuri. Tulipokanyaga mchanga wa Mbamba Bay meli ilikuwa imeshapiga honi ya kwanza.

Mzee Kaspari alimwita mvuvi mmoja anayemfahamu, masanduku yakaingia mtumbwini, mabibi wakaingia, na mimi nikaingia kuwasindikiza. Ulikuwa mtumbwi wangu wa kwanza. Nilishika kingo zote mbili na kusali. Melini nikapanda ngazi nikiwa na sanduku dogo la Bibi Miwani, maana yeye alihitaji mikono yote miwili kushika ngazi. Nikiwa juu, yule mvuvi akaniita kutoka chini. Aliniuliza jambo kwa Kinyasa. Kinyasa sikijui. Alikuwa anatabasamu, uso wake mzuri wa heshima, amepiga makasia kwa ajili yetu jua kali.

Nikamjibu, “Ndiyo!”

Akanipungia mkono, akageuza mtumbwi, akaenda zake.

Baadaye nilikuja kuambiwa alichouliza. Aliuliza kama na mimi nasafiri.

Meli ilipiga honi tena, ikaanza kutikisika, na Mbamba Bay ikaanza kurudi nyuma na Mzee Kaspari wangu amesimama ufukweni, mdogo kama kijiti. Nilipiga kelele. Bibi Miwani alipojua kilichotokea alicheka mpaka akavua miwani. Bibi Mrefu naye, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake siku tatu nzima, aliinama kwenye kizuizi cha meli, mabega yakawa yanaruka. Wakanipa biskuti. Kisha Bibi Mrefu akachana karatasi kwenye daftari, akaketi juu ya gunia, akaandika ile barua.

Walinishusha Liuli, kituo kilichofuata. Familia moja ya Waanglikana ilinipokea bila kuniuliza mimi ni wa dhehebu gani. Mama wa nyumba alinipa ugali wa muhogo na usipa, wale samaki wadogo, nikala kwa machozi, nikalala. Alfajiri nikaanza kutembea kando ya ziwa kurudi. Safari hiyo nilimuuliza kila niliyekutana naye. Nilimuuliza mwanamke anayefua, nikamuuliza mwanamume anayetengeneza wavu, nikauliza hata watoto wanaochunga mbuzi. Wote walinijibu vizuri, wengine wakanisindikiza. Hakuna aliyenicheka. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Mzee Kaspari nilimkuta Mbamba Bay ameketi juu ya gunia lake la samaki wakavu. Wenzake walikuwa wameshaondoka, yeye alibaki kuningoja. Nilimwamkia, nikaanza kulia, nikamwambia angenisema tangu siku ya kwanza haya yote yasingetokea.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, “Mwanangu, siku ile Mapera nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Njia hii naijua kuliko uwanja wa nyumba yangu. Ungegeuza shingo tu ukasema, mzee, hivi meli huja lini? Mimi ni mbeba mizigo. Mbeba mizigo hamkatizi mwalimu mbele ya Wazungu. Nilingoja uniulize. Nilingoja siku tatu.”

Nimeishi miaka mingi, nimesemwa na wakubwa wengi, lakini maneno hayo bado yananichoma. Kwa sababu kutomuuliza kwangu hakukuwa kusahau. Sikumuuliza kwa sababu alikuwa na kamba mkononi na mimi nilikuwa na chaki.

Barua nilimpelekea Sista Mkuu. Nilikuwa nimeisoma njiani, na nilifikiria sana kuiangusha mtoni. Ilisema binti huyu ana nguvu, ana moyo mwema, watoto watampenda, ila tafadhali asiulizwe njia. Sista aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia chuo ningekwenda, lakini si mwaka ule. Mwaka ule ningebaki, na kila jioni ningewaeleza watoto wa darasa langu jambo moja ambalo silijui. Niliona ni adhabu ya ajabu. Watoto waliipenda mno.

Basi, mwanangu, wewe unayeondoka kesho. Kabla hujamwahidi mgeni kitu chochote, mtafute aliyetoka huko juzi, siyo aliyetoka mwaka juzi, na usichague kwa kuangalia viatu vyake. Mambo ya meli yaulize ufukweni. Mgeni akikuuliza umbali, mwambie ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu yake yeye, maana yako imezaliwa milimani, na mteremko mtajie kabla hajauona. Chandarua beba hata ukiambiwa kipo. Chumvi vilevile. Na ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, halafu uende ukaulize huku akikuona. Mgeni hatakasirika. Atakuamini kwa yale mengine unayoyajua. Heshima ya kumdanganya mtu ili afurahi ni heshima inayomlaza kwenye mikeka.

Nenda sasa. Mungu akutangulie kwenye miteremko na akushike mkono kwenye mitumbwi. Akupe wageni wavumilivu na wapagazi wema, na akupe sikio la kuwasikia walio nyuma yako. Wageni wako wafike wamechoka miguu tu, na wakifika kwao wakutaje kwa jina, wakicheka.