Upepo ni Upepo, Alisema Baba

Mpaka leo basi likipiga honi ya upepo pale stendi ya Bariadi, ile ndefu ya kujisifu, mimi hukasirika. Wenzangu hucheka. Mimi hunijia harufu ya tope la mbuga na mpira uliopata moto.

Nilikuwa darasa la tatu, kwetu Lingeka. Baba alikuwa na mkonga kuukuu, gari la kupitia porini, la kupeleka watu na mizigo mnadani. Masika udongo mweusi wa mbuga hunata, basi dereva wa kwetu hupunguza upepo kwenye matairi ili avuke, kisha ng'ambo, penye mawe, hujaza tena. Baba alichoka kujaza kwa pampu ya mguu, tukaenda Bariadi kutafuta kompresa ya kufunga ndani ya gari.

Mwenye duka alitoa mbili. Moja nzito, sura mbaya, ya kujazia matairi. Nyingine ndogo, inang'aa, imekuja na tarumbeta zake. Alisema wazi, hii ndogo ni ya honi tu. Mama akaomba tuchukue ile nzito, maana mdogo wake, mama mdogo Kabula, alikuwa mjamzito na angejifungua mvua zikiwa zimekolea. Baba alimtazama kama mtu aliyeingilia kikao cha wanaume.

"Upepo ni upepo," akasema.

Jamani! Mwanamume mzima, na akili zake. Fundi akafunga kile kikompresa ubavuni mwa injini, tarumbeta juu ya paa, na njia nzima baba alipigia honi kila kundi la ng'ombe. Sisi watoto tulishangilia, tukajiona mabosi.

Mvua zikaja, na uchungu wa mama mdogo ukaja, tukamkimbiza hospitali. Baba akapunguza upepo, tukavuka mbuga vizuri tu. Ng'ambo akachomeka mpira wa kompresa kwenye tairi. Ikanguruma, ikapata moto, ikazima. Ikapoa, ikawashwa, ikazima tena. Tairi lile lile, limelala. Na pampu ya mguu ilibaki nyumbani. Na mawe yale ungeyaendea na matairi matupu, yangechanika yote. Mama mdogo alikuwa kiti cha nyuma, ameuma kanga.

Baba akapiga honi kuita msaada. Hiyo sasa ilifanya kazi, tena vizuri mno! Wanawake wa kijiji cha karibu wakatoka mbio na vigelegele, maana kwetu gari la honi mfululizo limebeba bibi harusi. Walifika wanacheza. Wa kwanza kuchungulia dirishani akaacha kucheza, akawaita wenzake kwa mkono. Wakamzalisha humo humo garini. Mama mdogo alipona. Mtoto hakulia.

Siku ya kumzika, baba alisimama mbele ya watu, sauti ya upole kabisa, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukosa ibada, akainua kichwa.

"Mungu hakwenda dukani Bariadi."

Wazee wakaguna. Mimi nilitamani ardhi inimeze kwa aibu, nikadhani mama amekufuru. Nimekuja kuelewa nikiwa mama mwenyewe: pale makaburini, ni yeye peke yake aliyemtetea Mungu.