Niliapa mikate mitatu inatosha mtaa mzima, harmonic series ikaniumbua Idi Mosi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wa rika langu, mambo?

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nyuzi zenu nazisoma, nacheka peke yangu, nafunga simu. Mambo yangu huwa naandika kwenye diary, maana diary haina comments. Ila hili limenishinda kulifungia.

Limenitokea mwenyewe, na ukiona mahali nimejisifia ujue nimeteleza, kwa sababu sehemu kubwa ya huu uzi naaibika. Chai, yaani stori ya kutunga, haimo kabisa.

Niwape picha kwanza.

Ni binti wa Form Five, mchepuo wa sayansi, PCM, shule ya kutwa hapa Bagamoyo. Naishi na bibi yangu mzaa mama, mji wa zamani, kwenye uchochoro wenye nyumba zilizopangana mstari mmoja mpaka kwenye kona.

Shuleni jina langu ni Saileti. Yaani simu iliyo kwenye silent.

Jina kanipa Shabani, mwanafunzi mwenzangu na jirani yangu, kijana anayeongea kwa niaba ya watu ambao hawajamtuma. Sikasiriki, kwa sababu ni kweli. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, ila likifika kooni linageuza.

Sasa mwaka huu tukapata mwalimu wa field, kijana wa chuo, tunamwita Sir Elia. Akaanzisha klabu ya hisabati ya Jumamosi. Siku moja akaandika ubaoni mistari miwili tu:

1/2 + 1/4 + 1/8 + 1/16 + ...

1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + ...

Akasema, "Hizo nukta maana yake hamna kusimama, mnaongeza milele. Swali langu: jumla itatulia kwenye namba fulani, au itapanda bila kikomo? Ikitulia, tunasema ina-converge. Isipotulia, ina-diverge. Majibu kwenye group la WhatsApp, na sababu."

Shabani akauliza, "Sir, hii inatoka kwenye mtihani?"

"Haitoki."

"Basi itakuwa tamu."

Kisha Sir akatupa lile lililoniharibia usingizi. Atakayeeleza vizuri ndiye atakayeiwakilisha shule kwenye mkutano wa klabu za hisabati kule Mbegani. Unasimama ubaoni, unafundisha, shule nyingine zinakuuliza maswali. Watu wanatoka mpaka Ubena.

Wakuu, nilitaka. Sijui kwa nini mtu anayeogopa kuagiza chapati mbili kantini (huwa nasema moja tu, nisije nikaambiwa nirudie kwa sauti) anataka kusimama mbele ya watu wa Ubena. Lakini nilitaka kweli kweli.

Na kwenye group hamna koo. Kuna kuandika tu. Nikaandika.

Ya kwanza niliielezea kwa sinia. Kwetu mkila sinia moja, kipande cha mwisho cha mkate kina adabu yake. Hakuna anayekimaliza. Unakata nusu, unamwachia mwenzio nusu. Naye anakata nusu ya kilichobaki, anaacha nusu. Nimewahi kuona wajomba zangu wanakatiana mpaka inabaki chembe, na bado mmoja anasema, "Chukua wewe."

Sasa jumlisha walichokula: nusu, robo, moja ya nane, unaendelea. Hata wakae pale milele, wote kwa pamoja hawawezi kula zaidi ya kile kipande kimoja. Jumla inasogelea 1 na haivuki. Ina-converge.

Hapo nilikuwa sawa, na hata leo nipo sawa.

Tatizo ni ya pili, hiyo inayoitwa harmonic series.

Ya pili nilichukua calculator nikaanza kujumlisha. Moja, jumlisha nusu, jumlisha theluthi... Nilipofika moja ya kumi nikasoma 2.93 hivi. Nikaona inajikokota tu. Nikachoka.

Nikaandika, kwa kujiamini ambako sijui kulitoka wapi: "Na hii ina-converge. Vipande vinazidi kuwa vidogo, mwisho unaongeza karibu na sifuri. Inatulia kwenye 3. Mkigawa mikate kwa mtindo huu, nyumba ya kwanza mzima, ya pili nusu, ya tatu theluthi, hata mtaa uende mpaka Ubena, mikate mitatu inatosha."

Sir akajibu, "Huo mfano wa sinia ni safi sana. Jumamosi baada ya Idi njoo ubaoni utueleze zote mbili."

Kuhusu mikate mitatu hakusema kitu. Leo ndiyo najua kwa nini alinyamaza.

Shabani naye akaandika, "Ya pili naibishia. Sababu sina bado, ila naibishia."

Nikamjibu kwa emoji ya miwani ya jua. Mimi! Saileti!

Tuje Idi Mosi.

Bibi yangu kwa mkate wa kumimina hana mpinzani. Mchele wake, nazi yake, iliki yake, moto juu moto chini, uchochoro mzima unajua leo Bi Zuhura kaamka. Na kila Idi lazima majirani wapelekewe sahani. Nyumba zote, mpaka kwenye kona.

Akanitengea mikate mitatu ya majirani. Wa nne akaufunika kwa kawa, huo wa mjomba, anakuja kutoka Kaole mchana.

Akaniambia, "Wa karibu mpe kikubwa, wa mbali kidogo kidogo. Ila wote waonje. Jirani akirukwa leo, hata salamu yake utaisikia imepoa."

Mikate mitatu. Wa karibu kikubwa, wa mbali kidogo.

Wakuu, nilisisimka. Niliona Mungu kaniletea practical.

"Bibi, niachie mimi. Nimeshaipigia hesabu."

"Kata kwa kipimo, mwanangu, usinitie aibu."

"Bibi, ni hesabu ya chuo kikuu."

"Haya, mwanachuo. Mie nakutazama."

Nyumba ya kwanza, mkate mzima. Walifurahi mpaka wakaniuliza kama tuna harusi. Ya pili, nusu. Ya tatu, theluthi. Ya nne, robo. Nakata jikoni, natoa sahani, narudi na sahani (hairudi tupu, inarudi na kaimati au kashata), nakata tena. Vipande vinapungua, moyo unachanua. Nikajisemea, unaona, inatulia.

Nikatoa sahani ya nyumba ya kumi. Niliporudi jikoni nikakuta kilichobaki ni ukucha.

Simaanishi kipande chembamba. Namaanisha ukucha, na makombo yake pembeni. Nyumba hazijaisha. Kona naiona kule, mbali, inaning'inia.

Na nyumba inayofuata, ya kumi na moja, ni kwa kina Shabani.

"Bibi, kwa Mama Shabani tunaweza kupeleka kesho?"

"Kwani Idi Mosi ni kesho?"

Nikapeleka. Ukucha katikati ya sahani kubwa ya maua, juu yake kawa. Ukinitazama kwa mbali ungedhani nimebeba pilau. Nikaomba afungue mama yake.

Akafungua Shabani, kanzu mpya, kofia imepinda kidogo.

"Saileti! Idi mubaraka. Karibu, karibu." Akafunua kawa. Akatazama. Akainama kutazama vizuri. "Huu ni mkate au sampuli ya maabara?"

Nilitamani uchochoro unimeze.

"Ngoja kwanza," akasema, na nikaona sura yake inafunguka kama duka. "Sisi ni nyumba ya ngapi kutoka kwenu?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Kumi, halafu kimoja.

"Na mikate ilikuwa mitatu?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na bado kuna nyumba mbele?"

Nikatikisa tena.

"Mama!" akapaza sauti kuelekea ndani. "Mama, njoo uone! Ime-diverge mlangoni kwetu!"

Mama Shabani akatoka anajifuta mikono. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akamwambia mwanawe, "Na wewe unacheka nini, chakula cha jirani hakichekwi." Kisha akajaza sahani yangu visheti mpaka vikawa vinadondoka. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Narudi nyumbani, nyuma yangu nasikia, "Jumamosi nakaa dawati la mbele!"

Bibi hakunigombeza. Alitazama jiko, akautazama mkate wa mjomba, akavuta pumzi, akaukata vipande sawa kwa ajili ya nyumba zilizobaki. Mjomba alipofika kutoka Kaole alipewa chai ya tangawizi na visheti vya Mama Shabani. Akaviminya akasema, "Bi mkubwa, mwaka huu mkate wako umekauka kidogo." Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria Jumamosi.

Njia zilikuwa mbili. Niumwe, au niende nikasimame kwenye uongo wangu. Mazoezi ya kuumwa nilishayaanza, kwa kikohozi.

Lakini nikiwa naosha sahani kichwa kikawa kinarudi kwenye vile vipande. Mbona viliisha? Si vilikuwa vinapungua?

Nikavirudia kwa makundi. Theluthi na robo. Robo mbili zingekuwa nusu, na theluthi inazidi robo. Kwa hiyo hao majirani wawili kwa pamoja wamekula zaidi ya nusu mkate.

Wanne waliofuata, kuanzia moja ya tano mpaka moja ya nane. Mdogo wao ni moja ya nane, na moja ya nane mara nne ni nusu. Kwa hiyo na hao wamekula zaidi ya nusu mkate.

Wanane wanaofuata? Nusu tena na zaidi. Kumi na sita wanaofuata? Nusu tena.

Nikaacha sabuni. Ina maana kila nikiongeza kundi lenye nyumba mara mbili, nusu mkate nyingine inaondoka, na nyumba haziishi, basi na nusu haziishi. Hakuna idadi ya mikate itakayotosha. Vinapungua kweli, ila vinapungua kwa uvivu.

Wakuu, kile kikohozi kilipona pale pale.

Maana sasa nilikuwa na kitu cha kusema. Ubaya wake, ili nikiseme, lazima kwanza niseme kwamba nilikosea mbele ya kila mtu, kwa sauti.

Jumamosi Sir akaniita, "Dada wa sinia, karibu." Nikaenda. Chaki ya kwanza ikakatika. Nikafungua mdomo nikasema, nikidhani nasema, maana nilijisikia mwenyewe vizuri tu.

Shabani dawati la mbele akasema, "Ongeza volume, Saileti!"

Darasa likaangua kicheko. Na mimi, sijui ilikuwaje, nikacheka pia. Kicheko kilipotoka, sauti ikatoka nacho.

"Nilichoandika kwenye group kuhusu ya pili si kweli," nikasema. "Naomba niwaonyeshe kwa nini si kweli. Nimeithibitisha kwa mikate."

Nikachora uchochoro. Nikachora nyumba. Nikazungushia makundi, wawili, wanne, wanane, juu ya kila kundi nikaandika nusu. Nilipofika nyumba ya kumi na moja Shabani akasimama akainama kama mgeni rasmi. Watu hoi.

Nikawaambia kosa langu lilipo. Vipande kupungua kuelekea sifuri ni lazima ili jumla itulie, ila peke yake hakutoshi. Kama havipungui kuelekea sifuri, imeshakufa, ina-diverge bila mjadala. Kama vinapungua, ndiyo kwanza umeruhusiwa kuuliza: vinapungua haraka kiasi gani? Na nikasema kwamba calculator haikunidanganya. Mimi ndiye niliyechoka. Ningeongeza kipande kimoja tu, tatu ingevukwa.

Halafu Shabani akanyoosha mkono. Nikajua ananimaliza.

"Na ukiwapunja zaidi? Wa pili umpe robo, wa tatu moja ya tisa, wa nne moja ya kumi na sita?"

Hiyo sikuwa nimejiandaa nayo. Nikageukia ubao. Nikajaribu makundi yale yale ya wawili, wanne, wanane, ila safari hii nikianzia nyumba ya pili. Robo na moja ya tisa, hawafiki nusu. Wanne wanaofuata, mkubwa wao moja ya kumi na sita, kwa pamoja hawavuki robo. Wanane wanaofuata hawavuki moja ya nane...

Nusu, robo, moja ya nane. Ni lile sinia la wajomba zangu!

"Inatulia!" nikapiga kelele. Kelele kabisa, darasa la jirani walichungulia dirishani. "Mkate mmoja wa nyumba ya kwanza, na wengine wote hawamalizi wa pili! Mikate miwili, mpaka Ubena!"

Sir Elia alichukua chaki iliyobaki akanipa, akasema, "Hii kaitumie Mbegani."

Nilikwenda, wakuu. Nilisimama ubaoni, na nilisikika.

Shabani bado ananiita Saileti, ila siku hizi nikiongea darasani anajiziba masikio.

Nilichojifunza: kitu kikionekana kinajikokota usiseme kimetulia, kipime. Na kukosea kwa sauti hakuui. Mimi ni ushahidi, nipo hai na nimekula visheti.

Bibi nilimweleza ule mtindo mpya wa mikate miwili. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akauliza, "Yaani jirani wa pili nimpe robo, na wa kwanza anamwona kabeba mzima?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hesabu yako ni nzuri. Idi ijayo kisu nashika mie."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu alishawahi kuapa kitu kina-converge halafu kikamfuata mpaka nyumbani? Wa PCM na wa vyuoni nisahihisheni nilipoboronga. Ila mnisahihishe taratibu, bado nina aibu.

Na kama wewe ndiye wa ile nyumba baada ya kwa kina Shabani, ule mkate ulikuwa wa mjomba. Usimwambie.