Mwaka Nchi ya Amna Ilipogawanywa

Harufu ya kahawa ikikaangwa ndiyo iliyokuwa ikituamsha kila Jumamosi nyumbani kwetu Igoma. Haikuwa kahawa yetu. Ilitoka vyumba vya uani, kwa wapangaji, ambako Mama Amna alichuchumaa mbele ya jiko la mkaa akitikisa kikaango chake mpaka buni ziwe nyeusi na zianze kung'aa kwa mafuta, kisha akazitwanga pamoja na tangawizi kavu. Moshi ulipita juu ya kamba za nguo, ukaingia dirishani kwetu, ukachanganyika na harufu ya chuma kilichochomwa kutoka karakana ya baba iliyotazama barabara ya Musoma. Mama yangu hakuwa mtu wa kahawa. Alilalamika kwamba mashuka yake yote yananuka Sudani. Lakini sikumbuki Jumamosi hata moja ambayo Mama Amna alimwita naye asiende, akaketi kwenye kigoda na kupokea kikombe chake kidogo kwa mikono miwili.

Mtaa mzima uliwaita Wasudani, basi. Baba yake Amna aliitwa Osman, mtu wa Omdurman, kaskazini, mwembamba, mweupe kidogo, aliyekuwa fundi wa mitambo ya kuchimba visima. Kampuni yake ilimzungusha vijiji vya Misungwi na Sengerema, na nyumbani alionekana mwisho wa wiki tu, viatu vikiwa vimeganda tope. Mama Amna alizaliwa kusini. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu na mweusi wa kung'aa, na katika paji la uso alikuwa na alama za kabila lake. Alibebwa mgongoni akiwa mdogo, ndugu zake wakikimbia vita, akakulia kwenye vibanda vya wakimbizi pembezoni mwa Khartoum, na huko ndiko Osman alikomwona. Mume aliswali kwenye mkeka karibu na mlango. Mke alikuwa na msalaba mdogo wa mti alioutundika ndani ya kabati la vyombo. Amna, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka kumi kama mimi. Tulikuwa darasa moja na dawati moja.

Kwetu hilo la dini mbili halikuwa jambo la kushangaza. Baba yangu ni Msukuma na Mkristo. Mama yangu ni Mwislamu, mtoto wa mjini, babu yake alitokea Ujiji. Walifunga ndoa bomani kwa sababu kila upande ulikuwa na maneno yake, na sisi watoto tulikwenda kanisani na baba na tukala Idi kwa bibi. Nilidhani dunia yote inaishi hivyo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza pale Mama Amna alipopanda basi la Nairobi kwenda kujiandikisha kwa kura ya maoni ya watu wa kusini. Baada ya Krismasi akaenda tena, safari hii kupiga kura yenyewe. Walikuwa wanaulizwa jambo moja: wabaki na kaskazini au wawe nchi yao peke yao. Mara zote mbili Osman ndiye aliyembebea begi mpaka kituoni na kumtafutia kiti cha dirishani. Osman aliporudi kutoka kituoni mara ya pili, mama yangu alimsubiri mlangoni.

"Shemeji," akamwambia, "unajua anachokwenda kuchagua?"

"Najua," Osman akajibu kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mama yake alifia njiani wakikimbia vita. Mimi nimwambie nini?"

Mama Amna alirudi baada ya siku nne akiwa na kidole chenye wino. Mimi na Amna tulikishika kwa zamu, tukakisugua kwa majivu na limau, lakini wino haukutoka. Jioni ile aliosha vyombo huku machozi yakimdondoka kwenye beseni. Mama alipomuuliza kulikoni, alisema, "Nimefurahi, dada. Nimefurahi mno," na akaendelea kulia. Matokeo yalipotangazwa redioni kwamba kusini wanajitenga, wateja wa baba karakanani walimtania Osman kwamba sasa ameoa mgeni. Alicheka nao. Kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya matangi ya maji, na mama yangu akamzuia kila mtoto asipite huko.

Shuleni mwalimu wetu alileta ramani ya Afrika na kalamu nyekundu, akachora mstari katikati ya nchi ya Amna. Hakuwa mtu mbaya, alifurahi tu kuwa na jambo jipya la kufundisha. "Haya Amna, simama. Kwenu sasa ni juu ya mstari au chini?" Amna alisimama. Aliitazama ile ramani, akasema, "Igoma." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani na swali. Nilimkuta mama akichagua mchele, nikamuuliza kama sisi nasi tukigawanywa, mimi nitakwenda na Waislamu au na Wakristo. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Kachote maji," akasema. Tangu siku hiyo nikawa nawachunguza wazazi wangu. Baba akikaa kimya mezani, niliona ndio mwanzo wa kugawanywa. Nilijitazama kwenye kioo nijue nafanana zaidi na nani, maana niliamini watakaokuja kugawa watu watatazama sura.

Likizo ya Juni Mama Amna alitupeleka Kigongo kumpokea Osman, aliyekuwa na kazi upande wa pili. Siku hizo daraja halikuwapo, na kila aliyetoka Sengerema au Geita alisubiri kivuko cha Busisi. Ziwa lilikuwa na upepo, wanawake wa sato wa kukaanga walifunika mabeseni yao kwa magazeti, na foleni ya malori ilipanda mlima. Osman alishuka akiwa na bahasha. Wiki kadhaa nyuma alikuwa amepeleka pasipoti zao tatu ubalozini zikaongezwe muda, na majibu yalikuwa yamepitia ofisi ya kampuni yake. Ya kwake imeongezwa. Ya Amna imeongezwa. Ya mkewe imerudishwa na barua kwamba atafute nchi yake mpya. Alimsomea hapohapo kwa Kiarabu, wamesimama kando ya barabara, na Mama Amna akachukua ile pasipoti akaifuta vumbi kwa pindo la kanga.

Amna alielewa kila neno. Tulipokwenda kusubiri kwenye basi, aligeuka akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa: "Hata nyinyi. Baba yako na mama yako ni dini mbili. Mtagawanywa tu."

Alikuwa amelisema lile nililokuwa nikiliogopa kwa miezi mitano. "Nenda kwenu," nikamwambia. "Kama unakujua."

Nilipoinua macho, Osman alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. Nilitegemea kofi, au angalau kunisemea kwa baba. Alikaa kiti cha mbele yetu, akageuka, akanitazama kwa uso uliochoka.

"Hilo hata mimi silijui bado, mwanangu," akasema. "Ngoja tulifikirie."

 Mimi na Amna hatukuzungumza tena kabisa. Alihamia dawati la nyuma shule ilipofunguliwa. Kazi ya baba yake ilikuwa inakwisha mwezi wa nane na kibali cha kuishi kingekwisha nayo. Kutoka Omdurman ndugu wa Osman walipiga simu kila siku: arudi, aje na mtoto, na yule mwanamke aende kwa watu wake, maana serikali imeshatoa muda kwa watu wa kusini kuondoka na hata akija ataishi kwa kibali kama mgeni. Kutoka Juba kaka zake Mama Amna walipiga pia: dada yetu aje na mtoto, na huyo bwana abaki kwao. Alasiri moja Osman alimwomba baba akae nao barazani awe shahidi, kwa kuwa hawakuwa na mzee mwingine. Mama alikaa karibu na Mama Amna. Mimi nilikuwa ndani, sikio limebanwa kwenye wavu wa dirisha.

"Mzee mwenye nyumba," Osman alianza, "nimefikiri hivi. Kama ni lazima mmoja wetu awe mgeni, nitakuwa mimi. Mimi nimezoea. Miaka yote nachimba visima kwenye vijiji vya watu."

"Juba?" baba akauliza. "Watakupokea?"

"Sijui."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakaa na baba yake na mama yake."

Mama Amna alifunika uso kwa mikono. Baba alinyoosha mkono akamshika Osman bega, na wakakaa hivyo kwa muda, wanaume wawili waliozoea kushika chuma. Waliondoka asubuhi moja ya mwezi wa nane kwa basi la Kampala, wapande mpaka Nimule, mpakani, na kuingia Juba. Mtaa ulijaa kuaga. Amna alinipa mkono kama mtu anavyompa mkono mtu mzima asiyemfahamu. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu alfajiri. Nililoweza kusema ni jina lake.

Sasa mimi ni mwalimu, nafundisha ng'ambo ya Busisi, na ziwa lililokuwa likitula nusu siku tunalivuka kwa gari ndani ya dakika chache. Miaka mingi sikujua kama Amna yuko hai, kwa sababu nchi mpya nayo iliingia vitani, na namba walizotuachia zikafa. Alinitafuta yeye, kupitia picha ya shule yetu ya msingi ambayo mtu aliiweka mtandaoni. Ni muuguzi. Nilimwandikia msamaha mrefu, na siku mbili zikapita kabla hajajibu: "Nakumbuka. Nilikuchukia mpaka tulipofika Nimule, halafu nikachoka. Mimi ndiye niliyeanza."

Nilimsomea mama ujumbe ule. Baba na yeye bado wako pamoja Igoma, wanabishania chumvi. Alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Siku ile uliponiuliza kwenye mchele, nilimuuliza baba yako swali hilohilo. Tulilizungumza wiki nzima. Tulikubaliana nyinyi mngebaki na mimi." Alisema hivyo akimenya viazi. Hapa kwetu hakukuwa na vita, hakukuwa na kura, hakuna aliyekuwa amechora mstari wowote, na bado wazazi wangu walikuwa wameshatugawa kimyakimya, kwa tahadhari tu. Zamani nilidhani amani tuliyokuwa nayo ilikuwa kama hali ya hewa, tumeikuta. Leo nikiwasikia watu wazima kwenye mabenchi wakiwahesabu wenzao kwa dini na makabila, huku wakicheka, sicheki nao, na wanafunzi wangu siwasimamishi mbele ya ramani.

Mwaka vita vilipozuka kaskazini, Khartoum ikaungua, Amna alinitumia ujumbe wa sauti. Dada wawili wa Osman walikuwa wamevuka mpaka kwa miguu na kufika Renk, wakiwa wakimbizi katika nchi ya watu ambao hawakuwahi kuwataka kwenye familia. Hawakuhudhuria harusi ya kaka yao. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kumsalimu Mama Amna hata kwa simu. Osman alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri, basi mkewe akapanda gari la mizigo na kuwafuata mwenyewe. Kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi afisa alimtazama yeye, akawatazama wale wanawake wa Omdurman waliojifunga mitandio yao myeupe iliyochafuka njiani, akauliza hawa ni nani kwake.

"Mawifi zangu," akasema Mama Amna.

Afisa aliuliza tena, akidhani hakusikia vizuri.

"Ni mawifi zangu. Andika."